Mali Bila Daftari: Uhakiki wa Maoni ya Mkusanyaji wa Santuri za Jazi kwa Mtazamo wa Nakivale na Mbarara

Ikisiri

Makala haya yanahakiki maoni matatu ambayo wapenzi wa jazi wameyashikilia kwa muda mrefu kuhusu ukusanyaji na usikilizaji wa santuri: kwamba nakala ya kwanza ndiyo yenye thamani, kwamba santuri husikilizwa kwa utulivu tangu mwanzo hadi mwisho, na kwamba mkusanyiko ndio kumbukumbu yenyewe. Maoni hayo yanapimwa kwa kuzingatia jazi ya Afrika Mashariki na Kongo, na hasa hali ya makazi ya wakimbizi ya Nakivale na jiji la Mbarara, kusini-magharibi mwa Uganda. Inadaiwa kuwa maoni ya kwanza ni nusu ya ukweli, ya pili yanaeleza desturi ya kundi moja tu la wasikilizaji, na ya tatu yana kasoro kubwa zaidi kwa sababu yanaacha nje maneno ya nyimbo pamoja na watu wanaoyafahamu. Makala yanahitimisha kwa mapendekezo kuhusu daftari la nyimbo, vikao vya kusikiliza na haki za wasanii.

1. Utangulizi

Katika Afrika Mashariki neno jazi lilikuwa jina la bendi kabla ya kuwa jina la muziki. Dar es Salaam Jazz Band ilianzishwa mwaka 1932 na Morogoro Jazz Band mwaka 1944. Ng'ambo ya pili, mjini Léopoldville, Joseph Kabasele aliunda African Jazz mwaka 1953, na mwaka 1956 ikazaliwa OK Jazz, ambayo herufi zake mbili za mwanzo zilitokana na baa ya Oscar Kashama. Bendi hizi hazikupiga muziki wa New Orleans. Zilipiga rumba, cha-cha na dansi la nyumbani. Walichoazima wanamuziki wetu ni dai lililobebwa na neno jazi: gitaa la umeme, saksafoni, suti, na haki ya kuitwa mtu wa mjini.

Kwa hiyo mpenzi wa jazi katika eneo letu ni watu wawili wanaotumia jina moja. Wa kwanza anamkusanya Duke Ellington. Wa pili anamkusanya Mbaraka Mwinshehe. Jambo linalostahili kuchunguzwa ni kwamba maoni ya yule wa kwanza kuhusu namna ya kukusanya, kusikiliza na kuthamini yamehamia kwa huyu wa pili bila kukaguliwa. Yamehamia pamoja na biashara ya santuri kuukuu. Santuri ndogo za mizunguko 45 zilizochapwa Nairobi katika miaka ya 1960 na 1970 sasa hutafutwa na wanunuzi wa Ulaya, Marekani na Japani, na bidhaa inapopata mnunuzi wa mbali, mnunuzi huyo huja pia na vigezo vyake vya ubora.

Makala haya yanavipima vigezo hivyo kutoka mahali ambapo watu wengi walifika bila kabati la santuri. Makazi ya Nakivale, katika Wilaya ya Isingiro, yalianza mwishoni mwa miaka ya 1950 na ni miongoni mwa makazi ya wakimbizi yaliyodumu muda mrefu zaidi barani Afrika. Wakazi wake wa mwanzo walitoka Rwanda. Leo Wakongo ndio wengi zaidi, wakiishi pamoja na Warundi, Wanyarwanda, Wasomali na wengineo. Mji wao mkubwa wa karibu ni Mbarara, uliopandishwa hadhi kuwa jiji mwaka 2020. Kati ya Nakivale na Mbarara Kiswahili husikika sokoni, kwenye magari ya abiria na katika foleni za ofisi, ingawa lugha ya wenyeji ni Runyankore. Swali la makala ni hili: ikiwa mtu amepoteza kila kitu isipokuwa alichokisikia, je, maoni ya mkusanyaji yana nini cha kumwambia? Na yeye ana nini cha kumwambia mkusanyaji?

2. Maoni ya kwanza: thamani iko katika nakala ya kwanza

Mkusanyaji hushikilia kwamba santuri iliyochapwa mara ya kwanza, ikiwa na lebo na jalada lake la asili, ndiyo shahidi wa kweli. Matoleo ya baadaye ni mwangwi tu. Maoni haya yasidharauliwe. Kanda mama za nyimbo nyingi za eneo letu hazipatikani, na matoleo mapya mengi yametengenezwa kutokana na santuri zilizotunzwa na watu binafsi. Bila uroho wao wa kutunza, tungekuwa tumebakiwa na majina matupu.

Hata hivyo, dhana ya nakala ya kwanza inadhania kwamba kila wimbo una chimbuko moja. Katika Tanzania, bendi nyingi zilirekodiwa na redio ya taifa kwa ajili ya matangazo, na nyimbo zikaenea kwa mawimbi ya redio bila kupita kwenye santuri. Nyingine zilichapwa Nairobi, ambako ndiko kulikuwa na kampuni na mitambo. Wimbo uleule ungeweza kuwa na umbo la ukumbini, umbo la redioni na umbo la santuri. Mkusanyaji anaposema kwamba santuri ndiyo asili, amechagua umbo linalouzika kuliko mengine na kuliita la kwanza.

Ushahidi bora umo ndani ya santuri yenyewe. Wimbo wa dansi ulikuwa mrefu kuliko upande mmoja wa santuri ya mizunguko 45, kwa hiyo ulikatwa: sehemu ya kwanza upande mmoja, sehemu ya pili upande mwingine. Mara nyingi maneno yalikaa sehemu ya kwanza, na magitaa yaliachiwa uwanja katika sehemu ya pili, kwenye sebene au chemko. Ukumbini hapakuwa na mkato huo. Mchezaji alivuka kutoka mashairi hadi magitaa bila kunyanyua mguu. Santuri ndiyo iliyotenganisha kinywa na vidole. Soko la wakusanyaji wasiojua Kiswahili likaendeleza utengano huo kwa kuusifu upande wa pili na kuuchukulia ule wa kwanza kama utangulizi. Nakala ya kwanza, basi, ni kweli kwa upande wa sauti iliyonaswa, lakini si kweli kwa upande wa wimbo ulivyoishi.

3. Maoni ya pili: kusikiliza ni kukaa kitako

Maoni ya pili yanahusu adabu. Msikilizaji wa kweli, tunaambiwa, huweka sindano mwanzoni, hukaa kimya, na husikiliza hadi mwisho. Anayeruka nyimbo, anayezungumza wakati saksafoni inalia, anayesikiliza kwa simu, huyo hajasikiliza.

Historia ya chombo haithibitishi kwamba adabu hii ni ya kale. Santuri ndefu ya mizunguko 33 ilianza kuuzwa Marekani mwaka 1948. Kabla yake, santuri ya mizunguko 78 ilibeba takriban dakika tatu kila upande. Aliyetaka kusikiliza nusu saa alilazimika kusimama na kuinama mara nyingi. Jazi iliyosifiwa na wakusanyaji wa mwanzo ilirekodiwa katika vipande hivyo vya dakika tatu, na ilipigwa katika kumbi ambamo watu walikula, walibishana na kucheza. Kukaa kitako kwa utulivu ni desturi ya sebule yenye umeme wa uhakika, chumba cha peke yake na saa za kupoteza.

Katika eneo letu santuri ilisikilizwa zaidi hadharani: mlangoni pa duka, baani, na hasa redioni, kupitia vipindi vya salamu na vya nyimbo za kuchagua. Katika vipindi vya salamu wimbo haukuwa kitu cha kutazamwa kwa mbali; ulikuwa bahasha ya kupelekea majina ya ndugu na marafiki. Aliyeuomba wimbo alisikiliza jina lake kwanza, gitaa baadaye. Katika makazi ya wakimbizi wimbo huohuo leo unatoka kwenye kadi ya simu na spika ndogo iliyochajiwa kwa nishati ya jua, na wasikilizaji husema juu yake: huyu ni fulani; hapa anamsimanga tajiri wake; neno hili kwetu tunalitamka hivi.

Mkusanyaji atayaita mazungumzo hayo kelele. Mtafiti wa lugha hana budi kuyaita ufafanuzi. Wimbo wa dansi wa miaka ya 1960 umejaa majina ya mitaa, mafumbo ya mapenzi, misimu ya wakati wake na vijembe kwa watu ambao hawatajwi. Hakuna jalada lililowahi kuyaeleza hayo. Maelezo hukaa katika vinywa vya wasikilizaji, nayo hutoka pale tu wimbo unapopigwa mbele ya watu wanaoruhusiwa kusema. Ukimya wa heshima unaosifiwa na mkusanyaji ungeyazika.

4. Maoni ya tatu: mkusanyiko ndio kumbukumbu

Maoni ya tatu ndiyo mazito zaidi. Mkusanyaji huamini kwamba kwa kupanga santuri kabatini anaihifadhi historia. Walter Benjamin, katika insha yake ya mwaka 1931 kuhusu kuifungua maktaba yake, alitetea wazo kwamba ukusanyaji hupata maana kutoka kwa mmiliki, na hupoteza maana mmiliki anapotoweka. Miaka tisa baadaye Benjamin mwenyewe alikuwa mkimbizi. Aliikimbia Paris mwaka 1940 na kufia Portbou, mpakani mwa Uhispania. Nakivale inaligeuza wazo lake juu chini. Hapa mmiliki amebaki, mkusanyiko ndio uliotoweka. Mtu aliyeacha nyumba Uvira au Bunia hakubeba santuri. Alibeba nyimbo anazozijua kwa moyo, pamoja na nani aliimba, nani alijibu, na wapi zilichezwa. Je, huyo hana kumbukumbu kwa kuwa hana kabati?

Wahenga walisema mali bila daftari hupotea bila habari. Wakusanyaji wa jazi ya Marekani walilijua jambo hili mapema. Mwaka 1936 Mfaransa Charles Delaunay alitoa orodha ya santuri za jazi iliyopanga kila rekodi kwa wanamuziki, tarehe na nambari yake, na ikawa kielelezo cha orodha zilizofuata. Mwaka 1952 Marshall Stearns alianzisha taasisi ya mafunzo ya jazi kwa kutumia mkusanyiko wake, ambayo baadaye ilihamishiwa Chuo Kikuu cha Rutgers. Njia ilikuwa hii: uroho wa mtu binafsi ukazaa daftari, daftari likazaa taasisi, taasisi ikafunguliwa kwa umma. Hapa mkusanyaji anastahili sifa kamili.

Lakini tuliazima daftari hilo pamoja na safu zake. Orodha ya Delaunay ilitengenezwa kwa muziki ambao swali lake kuu ni nani alipiga tarumbeta siku ile. Ilipohamishiwa kwenye muziki wetu, ilibaki na safu za bendi, lebo, nambari na mwaka. Haikuongezewa safu ya lugha. Matokeo yake yanaonekana katika lugha ya kila siku: nchini Uganda na Kenya muziki wote wa Kongo huitwa Lingala, hata wimbo unapoimbwa kwa Kiswahili. Mkongo wa Kivu anayeishi Nakivale hawezi kukosea hivyo. Anajua wimbo upi ni wa Kilingala, upi ni wa Kiswahili cha kwao, na upi unavuka kutoka lugha moja hadi nyingine katikati ya ubeti.

Wanazuoni nao hawakuepuka mtego huu. Mwaka 1952 Hugh Tracey alimrekodi Mwenda wa Bayeke, anayejulikana pia kama Jean-Bosco Mwenda, huko Jadotville, ambayo leo ni Likasi. Wimbo wa Masanga ukampa Mwenda sifa ya kimataifa. Mwanzoni mwa miaka ya 1960 David Rycroft alichapisha uchambuzi makini wa ubunifu wa Mwenda katika gitaa, na wapiga gitaa wengi wameendelea kujifunza vidole vile. Ni kazi ya kuheshimiwa. Lakini Mwenda aliimba pia, na aliimba kwa Kiswahili cha Katanga. Kwa kila ukurasa ulioandikwa kuhusu kidole gumba chake, ni haki kuuliza ni mistari mingapi iliyoandikwa kuhusu kinywa chake.

5. Kinachopotea: Kiswahili cha wimbo

Hapa ndipo suala linapoacha kuwa la burudani. Kiswahili cha mashariki mwa Kongo kina sifa zake. Wingi wa watu huchukua kiambishi ba- mahali pa wa-, hivyo watoto huwa batoto. Udogo huonyeshwa kwa ka- na tu-, hivyo mtoto mdogo ni katoto na wingi wake ni tutoto. Neno sawa hutumika mahali ambapo msemaji wa Dar es Salaam angesema kama. Johannes Fabian, katika kitabu chake cha mwaka 1986 kuhusu lugha na mamlaka ya kikoloni, alionyesha kwamba Kiswahili cha Katanga kina historia yake ya kijamii na kisiasa, na hakiwezi kuelezwa kama Kiswahili cha pwani kilichoharibika njiani.

Nyimbo za zamani ni miongoni mwa kumbukumbu chache za sauti zinazotuonyesha lahaja hizi zikitumiwa kwa fahari, si kwa kuombwa na mtafiti. Hatari yake ni mbili. Ya kwanza ni kutoandikwa kabisa. Ya pili, iliyojificha zaidi, ni kuandikwa na mtu anayesahihisha: masikio yanasikia batoto, mkono unaandika watoto. Unukuzi wa namna hiyo ni mbaya kuliko ukimya, kwa sababu ukimya hauwezi kunukuliwa kama ushahidi.

Kwa Uganda suala hili lina uzito wa kisera. Kiswahili kilitangazwa kuwa lugha ya taifa kwa amri mwaka 1973, katika utawala wa Idi Amin, na kwa muda mrefu kilibeba sura ya kambi ya jeshi na kituo cha polisi. Marekebisho ya Katiba ya mwaka 2005 yalikifanya lugha rasmi ya pili. Mwezi Julai 2022 Baraza la Mawaziri liliidhinisha utekelezaji wa agizo la Jumuiya ya Afrika Mashariki kuhusu Kiswahili, na kupendekeza kiwe somo la lazima katika shule za msingi na sekondari. Mwaka huohuo Jamhuri ya Kidemokrasia ya Kongo ilijiunga na Jumuiya. Kwa hiyo darasani Isingiro hukutana mtoto wa Kinyankore anayeanza Kiswahili kama somo, na mtoto wa Kikongo aliyekuja nacho kama lugha ya nyumbani. Ikiwa mwalimu hana maandishi yoyote ya Kiswahili cha yule wa pili, atakiona kuwa kosa tu. Mtoto aliyepaswa kuwa msaidizi wa mwalimu atajifunza kunyamaza.

Si pendekezo la makala haya kwamba Kiswahili sanifu kiachwe. Mtihani ni wa Kiswahili sanifu, na mtoto wa mkimbizi anauhitaji mtihani huo kuliko wengine. Pendekezo ni kwamba njia ya kufika kwenye usanifu ipite katika lugha anayoijua, na wimbo ambao babu yake aliucheza ni daraja zuri kuliko orodha ya makosa. Mwalimu anayeweza kuonyesha kwamba katoto na kitoto vimejengwa kwa kanuni moja yenye viambishi tofauti amefundisha sarufi ya lugha zote mbili kwa pigo moja.

6. Mapendekezo

Kwanza, daftari. Taasisi zinazohifadhi muziki wa eneo letu ziongeze safu tatu katika orodha zao: lugha au lahaja ya kila sehemu ya wimbo, unukuzi usiosahihishwa, na jinsi maelezo yalivyopatikana. Kazi hii haihitaji mtambo mpya. Inahitaji watu wanaosikia tofauti, na watu hao wapo Nakivale.

Pili, vikao vya kusikiliza. Wimbo upigwe mbele ya wasikilizaji wazee na vijana, watu waachwe waseme, na mazungumzo yarekodiwe kwa ridhaa yao pamoja na wimbo. Mbarara inafaa kuwa mahali pa kuhifadhi nakala, kwa kuwa ina chuo kikuu na vituo vya redio, na iko karibu kiasi kwamba wasimulizi wanaweza kurudi kusikia walichosema. Majina yao yasiandikwe bila idhini. Kwa mtu aliyekimbia, kutajwa pamoja na kijiji alichotoka si jambo dogo, na hakuna daftari linalostahili kununuliwa kwa usalama wa msimulizi.

Tatu, urejeshaji na haki. Uganda ina mfano wake. Klaus Wachsmann, aliyeondoka Ujerumani ya Kinazi na kuja kuwa mhifadhi wa Makumbusho ya Uganda, alirekodi muziki wa sehemu nyingi za nchi hii katikati ya karne ya 20. Rekodi hizo zilihifadhiwa London, na katika karne hii nakala zake zimerejeshwa Makerere. Mfano huo unathibitisha kwamba sauti iliyokwenda mbali inaweza kurudi. Lakini wanamuziki wa dansi walikuwa wafanyakazi waliotarajia malipo. Sheria ya Hakimiliki ya Uganda ya mwaka 2006 iangaliwe kabla ya rekodi yoyote kusambazwa, na warithi wa wasanii watafutwe kwa bidii ileile inayotumika kutafuta santuri adimu.

7. Hitimisho

Mkusanyaji wa jazi ametufundisha mambo mawili yenye thamani: kutunza kitu ambacho wengine wanakitupa, na kuandika daftari lake kwa makini. Makala haya yamemkosoa pale anapodhani kwamba kitu kilichotunzwa kinajieleza chenyewe. Santuri isiyo na msikilizaji anayejua maneno yake ni mali iliyohesabiwa upande mmoja tu, na msikilizaji asiye na santuri ni daftari ambalo halijafunguliwa. Kwa sasa pande hizo mbili zinaishi mbali: santuri katika makabati ya miji ya mbali, na wanaoelewa maneno yake katika makazi kama Nakivale. Kuzikutanisha kuna gharama ndogo kwa leo. Wasikilizaji walioucheza muziki huo ujanani sasa ni wazee, na kila mwaka unaopita bila vikao hivyo hupunguza idadi ya watu wanaoweza kutuambia wimbo unasema nini.